Mume wangu anataka tuifiche nyumba ya Tanga ili tununue Uingereza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni nesi, naishi Cambridge na mume wangu na watoto wetu wawili, wa kike ana miaka minane na wa kiume mitatu. Kwetu ni Tanga. Nilitangulia mimi, mwenzangu akafuata, na vibali vya ukaazi wa kudumu tumeshapata, kwa hiyo habari za viza zimekwisha. Kinachotukosesha usingizi sasa ni nyumba.

Tumepanga vyumba viwili kwa paundi 1,650 kwa mwezi, umeme na gesi kando. Watoto wanalala chumba kimoja na Nuru ameshaanza kulalamika. Mwenye nyumba naye katuambia anafikiria kuuza. Kwa mwaka mimi napata kama paundi 39,000 kabla ya makato, mume wangu yuko ghalani, anapata 27,000. Tumejibana, tumeweka akiba ya 38,000. Ndani ya hiyo, 10,000 ziko kwenye akaunti yangu ya Lifetime ISA, ya akiba ya kununulia nyumba ya kwanza: 8,000 nimeweka mimi, 2,000 kaongeza serikali.

Tulianza kutafuta humu humu mjini. Juzi tulikwenda kuona nyumba Romsey, kwenye vile vichochoro vinavyotokea Mill Road. Nyumba nyembamba ya matofali, imebanwa huku na huku na nyumba za majirani, vyumba viwili juu. Bafu na choo viko chini, nyuma ya jiko, yaani mtoto akibanwa usiku ashuke ngazi, apite sebuleni, apite mbele ya jiko la gesi ndipo afike. Kuta zimepakwa rangi juzijuzi, bado inanukia, lakini nilipochungulia nyuma ya kabati nikaona ukungu mweusi umepanda mpaka usawa wa bega langu. Bei: paundi 475,000. Dalali alitupa robo saa, na nje kulikuwa na wengine wanangoja zamu na kigari cha mtoto. Hatujafika kituo cha basi akapiga simu: anayetaka alete ofa yake ya mwisho kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Mume wangu alicheka njia nzima, na halikuwa cheko la furaha.

Zimebaki tatu. Kuna fleti ya vyumba viwili karibu na kazini kwangu, 310,000. Mkataba wake wa umiliki umebakiza miaka 83, na kila mwaka kuna 2,600 za huduma za jengo. Kuna nyumba ya vyumba vitatu Ely, mji wa jirani, 290,000. Na mume wangu kapata yake Wisbech, mji wa mbali zaidi, vyumba vitatu na bustani, 195,000. Anasema tukichukua hiyo tutabakiwa na hela ya kumalizia fremu zake za maduka Pongwe. Mimi ndiye ninayeingia zamu saa moja asubuhi na kutoka saa mbili kasoro usiku, na zamu nyingine za usiku kucha.

Sasa jambo lenyewe. Mume wangu ana nyumba Pongwe, aliijenga kabla hatujaoana, iko kwa jina lake. Mpangaji analipa shilingi 250,000 kwa mwezi, shemeji yangu ndiye anayezikusanya. Jirani aliuza nyumba ya mfano ule kwa milioni 75. Tulipokwenda kwa mshauri wa mikopo, akauliza: mmewahi kumiliki nyumba popote duniani? Sijameza hata mate, mwenzangu akajibu hapana. Tulipotoka nikamuuliza. Akasema rafiki yake kamwambia ukiitaja nyumba ya Afrika unapigwa kodi mpaka unakoma, na nani atakwenda Pongwe kuangalia?

Mimi mwenyewe sina uhakika kama niko safi. Baba alifariki miaka minne iliyopita, akaacha nyumba Korogwe. Kaka ndiye msimamizi wa mirathi, na mimi ni mmoja wa warithi. Mama anaishi humo, hatujagawana chochote.

Nikimwambia turudi kwa yule mshauri tukaseme kweli, ananiambia nimekuwa Mzungu. Na siku nyingine husema kwa nini anunue kibanda cha Mzungu wakati kwao ana ardhi. Nifanye nini, Shangazi?

Mama Nuru, Cambridge

*

Marahaba, Mama Nuru.

Uliloliweka mwisho ndilo la kwanza. Msiifiche nyumba ya Pongwe. Sikuambii hivyo kwa uchaji tu. Rafiki ya mumeo kasikia kengele lakini hajui inalia msikiti gani, na mmekaribia kusema uongo wa hatari kwa ajili ya hela ambayo wala si nyingi kiasi mnachodhani.

Ushuru wa stempu, yaani kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba hapa Uingereza, una ngazi tatu zinazokuhusu. Chukua hiyo nyumba ya Ely ya 290,000. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu, kwa sababu tangu Aprili 2025 msamaha wake unafika paundi 300,000. Mnunuzi wa kawaida, ambaye si wa mara ya kwanza, analipa asilimia 2 ya kile kilicho kati ya 125,000 na 250,000, na asilimia 5 ya kinachozidi hapo: jumla 4,500. Anayemiliki nyumba nyingine huongezewa asilimia 5 ya bei nzima, na huyo angelipa 19,000. Hiyo 19,000 ndiyo aliyoisikia rafiki ya mumeo, ikamtia kiwewe.

Lakini nyongeza hiyo ina mlango. Nyumba nyingine, iwe Uingereza au ng'ambo, inahesabiwa tu kama thamani yake inafika paundi 40,000. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni 120. Nyumba ya milioni 75 haifiki, hata ubadilishe fedha kwa kiwango gani. Kwa hiyo kinachowaondoka ni ule msamaha wa mara ya kwanza tu, maana wanunuzi wote wawili wanatakiwa wawe hawajawahi kumiliki nyumba popote duniani. Gharama ya ukweli, kwa nyumba ile ya Ely, ni paundi 4,500.

Lakini 'jirani aliuza milioni 75' haitoshi kumpelekea wakili. Mwambie shemeji yako amtafute mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, aandike ripoti yenye tarehe ya karibu na siku mtakayonunua. Na hapo ndipo fremu zinapoingia: kama zinajengwa kwenye kiwanja hicho hicho, thamani inapanda. Zisimamishe kwanza mpaka nyumba ya huku ikamilike.

Na kama Pongwe ingefika hizo 40,000, msingeponea kwa kununua kwa jina lako peke yako. Kwa ile nyongeza ya asilimia 5, mke na mume wanaoishi pamoja wanahesabiwa kama mtu mmoja.

Na upande wa pili wa mizani? Kumdanganya mkopeshaji ili akupe mkopo ni kosa la jinai. Tamko la ushuru mnalisaini ninyi, hata kama wakili ndiye anayelijaza. Wewe ni nesi, una leseni ya kazi inayotegemea uaminifu wako. Na hiyo kodi ya Pongwe mnaipokea vipi kama si kwa njia inayoacha nyayo, M-Pesa, benki, ujumbe wa simu? Kwa taarifa yako, mkazi wa Uingereza anatakiwa kutangaza pato la kupangisha nyumba hata la ng'ambo, ila jumla isipozidi paundi 1,000 kwa mwaka kuna nafuu. Laki mbili na nusu kwa mwezi ni milioni tatu kwa mwaka, inakaa chini ya hapo. Mpangaji akiongezewa kodi, jueni mnaukaribia mstari.

Sasa wewe na Korogwe. Akaunti ya Lifetime ISA inaangalia mwenye akaunti peke yake. Mumeo kuwa na nyumba hakukuzuii kuitumia. Ila wewe ukishakuwa na sehemu ya nyumba, hata ya kurithi, hata ndogo, si mnunuzi wa mara ya kwanza tena. Kwenu mgao haujafanyika na hilo linaweza kuwa na maana kubwa. Peleka karatasi za mirathi kwa wakili, akujibu kwa maandishi kabla hujasaini ombi la kutoa hela. Usikimbilie kujitoa kwenye mirathi ya baba yako kwa ajili ya hili. Jibu likiwa baya kabisa, utakatwa asilimia 25 ya hela utakazotoa: katika 10,000 utabaki na 7,500. Inauma, maana 500 zako mwenyewe zimekwenda na zile za serikali zote, lakini haibomoi nyumba.

Hesabu basi iwe ile mbaya, tukijua nzuri ikija ni neema. Akiba yenu, baada ya makato hayo, ni 35,500. Kwa nyumba ya 290,000, kianzio cha asilimia 10 ni 29,000, ushuru 4,500, wakili pamoja na uchunguzi wake wa hati, tuseme 2,000. Zimekwisha. Hujamlipa mkaguzi, hujakodi gari la kuhamisha vitanda. Kwa hiyo bei yenu ni 280,000. Hapo kianzio ni 28,000, ushuru 4,000, na mnabaki na 3,500 za wakili, mkaguzi na gari la kuhamia. Mpelekeeni dalali ofa hiyo bila haya. Dalali analipwa na muuzaji, msimwonee huruma, na kwa Ely hamtakuwa na foleni kama ile ya Romsey.

Mkopo utakuwa 252,000. Wakopeshaji wengi huenda hadi kama mara nne na nusu ya mapato ya mwaka, na yenu ya 66,000 yanavuka hapo bila shida. Kwa riba ya asilimia 4.75 na miaka 30, ni kama paundi 1,315 kwa mwezi. Riba ikiruka hadi 6.75 mtakapofanya upya mkataba, ni kama 1,635, yaani kodi mnayolipa leo. Hapo ndipo ninapoona mnaweza kupumua.

Kuhusu mahali. Cambridge haitashuka ili kuwangoja ninyi. Chuo kikuu na vyuo vyake vina ardhi kubwa, mji umezungushiwa ukanda wa kijani usioruhusiwa kujengwa ovyo, na ndani yake wamejaa watu wa makampuni kama Arm la teknolojia ya kompyuta na AstraZeneca la dawa, na maabara chungu nzima, wenye mishahara ambayo mimi na wewe tunaisoma tu. Ukiongeza na treni ya London ya chini ya saa moja, unaelewa kwa nini bafu la nyuma ya jiko linauzwa karibu nusu milioni.

Fleti niiondoe. Hati ya miaka 99 tunaijua tokea nyumbani, lakini kule mwenye ardhi ni serikali, huku ni mtu au kampuni inayofanya biashara. Mkataba ukishuka chini ya miaka 80, kuuongeza hupanda gharama, na wakopeshaji huanza kukunja uso. Wako una 83. Sheria ya 2024 imelenga kuipunguza adhabu hiyo, lakini sinunui nyumba kwa kutegemea kifungu ambacho sijaona kikifanya kazi. Na hizo 2,600 za mwaka hazina kikomo, wanaweza kukuletea bili ya paa zima. Juu ya yote, vyumba ni viwili, na Nuru atabaki na malalamiko yake.

Wisbech nayo hapana, na hapa nasema na baba Nuru moja kwa moja. Shemeji, treni ya abiria haijafika Wisbech tangu 1968. Mkeo akitoka zamu ya usiku atatakiwa kuendesha zaidi ya saa moja kwenye barabara za nyanda za Fens, nyembamba, zimenyooka mpaka zinaleta usingizi, mitaro ya maji imelala pembeni bila ukingo. Majira ya ukungu huoni boneti. Paundi 95,000 ulizookoa zitakwenda kwenye gari la pili, mafuta, bima, na kwenye roho yako ukiwa dirishani unamngoja.

Tena nyanda zile zilikuwa kinamasi, zikakaushwa kuanzia karne ya 17. Sehemu zake nyingi udongo ni mweusi, wa mboji, na ukikauka hunywea. Kuna mahali kule ardhi iko chini ya usawa wa bahari, na utaona nyumba za zamani zimeinama. Ely yenyewe iko juu ya kilima, zamani ilikuwa kisiwa, lakini vijiji vya chini yake si hivyo. Kokote mtakakopenda, wekeni anwani kwenye ramani ya serikali ya hatari ya mafuriko kabla ya kumpigia dalali. Na jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita: ule mpango wa kupunguza bei ya bima ya mafuriko haugusi nyumba zilizojengwa kuanzia 2009. Nyumba mpya inayong'aa ukingoni mwa mto yaweza kukuletea bima ghali kuliko kuukuu la karne iliyopita.

Basi Ely. Treni hadi Cambridge ni kama robo saa, lakini usihesabu treni peke yake. Hesabu mlango hadi mlango, kwa zamu yako: kuingia saa moja asubuhi, tena siku ya Jumapili ambapo treni za hapa huamka zimechelewa. Kama Jumapili haiwezekani, ongea na msimamizi wa zamu kabla ya kununua, au kubalini kwamba gari lenu moja ni lako siku hizo. Stesheni ya Cambridge South imejengwa ubavuni mwa hospitali ya Addenbrooke's. Kazini kwako kukiwa upande huo, tazama ni treni zipi za Ely zinasimama pale kwa saa zako, siyo saa za watu wa ofisini.

Mkipata nyumba, mlipe mkaguzi wenu wenyewe. Yule anayetumwa na benki anaangalia kama hela ya benki iko salama, ukungu wa nyuma ya kabati si kazi yake. Na ofa ikikubaliwa msipige vigelegele. Kisheria hakuna kitu mpaka mawakili wabadilishane mikataba, muuzaji anaweza kumchukua mwingine wiki moja kabla na hadaiwi hata samahani. Ninyi pia mnaweza kujitoa.

Mwenye nyumba wenu asiwaharakishe. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026 notisi ya kumtoa mpangaji bila sababu imefutwa Uingereza. Akitaka kuuza ataje hiyo sababu, na notisi yake ni miezi minne.

Kuhusu mwenzio, mimi simsikii mtu mchoyo wala mwongo. Namsikia mtu anayeogopa kwamba siku akisaini mkopo wa miaka 30 Ely, ndiyo siku anayosaini kuzeekea huku. Mwambie kununua nyumba hakugusi uraia wake, pasipoti yake ya Tanzania inabaki mfukoni, na nyumba hii yaweza kuuzwa au kupangishwa siku mtakayoamua kurudi. Pongwe ni jasho lake la ujana, na ulipomwuliza pale nje ya ofisi huenda alisikia kama unamwambia ni mzigo. Mpe neno: tukishahamia na kukaa mwaka mmoja bila deni la dharura, hela ya fremu inaanza kutengwa kila mwezi, kiasi kinachojulikana. Na wewe ulishike neno hilo.

Kwa yule mshauri wa mikopo rudini wote wawili, wiki hii, kabla hajatuma ombi popote. Mumeo aseme mwenyewe: nilijibu haraka, nina nyumba Tanga, haifiki paundi 40,000, ripoti ya mthamini inakuja. Mshauri ameshawasikia wengi wa namna hiyo, atafuta mstari mmoja kwenye kompyuta yake na kuendelea. Akikwambia muiache tu kama ilivyo, mtafute mwingine.